Resori za Lori Lililoungua

Jumapili, Beni. Jua limetoka na hasira tangu asubuhi, na mimi, mtu wa baridi ya Butembo, nimekaa barazani kwa wenyeji nikijipepea kwa mfuniko wa ndoo. Mikono inanuka oili iliyoungua ingawa nimeisugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Kiuno kinauma. Moyoni nina furaha mbaya, ile ya mtu aliyeambiwa haiwezekani, akaweza.

Kwa hiyo leo naandika kwa kiburi. Anayetafuta unyenyekevu aende blogu ya jirani.

Nilipoandika hapa majuzi kwamba nimevua resori, yaani springi, za jeep ya Papa ili nizitengeneze mwenyewe, msomaji mmoja aliniachia maneno matatu: rudi jikoni, mama. Nilicheka peke yangu. Ndugu yangu, nilikuwa jikoni. Kazi yote nimeifanya humo.

Sasa nieleze vizuri, maana wengi hamjui mambo yalianzia wapi.

Papa alikuwa dereva maisha yake yote, Butembo mpaka Beni, na mara nyingine huko juu Masereka kufuata viazi. Barabara ile ilimlipa kwa kumharibu mgongo. Safari yake ya mwisho kutoka Beni alishushwa na watu kwenye jeep, akalala kitandani mpaka tukaanza kuogopa. Tangu siku hiyo jeep iko uani kwetu Kimemi, Butembo, na Papa yuko kwenye kiti chake akiitazama.

Kando ya jeep kuna kitu kingine, ambacho sijawahi kukitaja humu. Ni mzoga wa lori la kaka yangu Idi. Waasi walipokata barabara, lori lilichomwa moto, na Idi alikuwa ndani. Tulimzika hapa Beni. Baadaye Papa akaagiza lori livutwe mpaka nyumbani. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kuku hulala ndani yake.

Idi aliacha binti, Aziza, anayekaa Beni na mama yake. Mwaka huu Aziza amepata mchumba. Kwetu Waislamu binti haozwi bila walii, na baba akiwa amekufa, walii ni babu. Yaani Papa, mwenye mgongo ule.

Kikao cha familia kikakaa sebuleni kwetu. Baba mdogo Hamadi, mdogo wake Papa, ni mtu mzuri, lakini anapenda kusimama mbele za watu. Alinyoosha shati lake tumboni akasema kwa upole:

"Mukubwa, mugongo yako hapana ya barabara ile. Miye nitasimama pa nafasi yako. Ao utume sauti ku telephone, shehe atasikia. Iko halali."

Na kweli ni halali. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba hakukuwa na kosa la kumshika nalo. Akaendelea kusema kwamba jeep nayo ichinjwe, vyuma vigawanywe kwa mafundi, kwa sababu gari lisilotembea ni banda la panya tu.

Papa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Aziza hapana mukate ya kuagiza ku butiki. Baba yake hayuko. Miye niko. Nitamutoa na mukono yangu."

Nikajisikia nasema, kabla akili haijafika mdomoni: "Nitakupeleka mimi, Papa. Na jeep hii hii."

Baba mdogo akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyemwaga uji.

"Weye Mwamini uko na kichwa nguvu. Batu ya depot banashindwa, donc weye utaweza na makala ya kupikia?"

Makala kwetu ni makaa; na kuhusu depot, maduka ya vipuri, alisema kweli. Mpaka wa nchi unafunguliwa leo, kesho umefungwa. Barabara ya kusini waasi wameikalia. Vipuri vikifika mjini vimekwisha kuuzwa kabla havijashuka kwenye gari, na bei yake si ya mwanamke aliyeachika anayeuza vitambaa. Wakati mwingine mimi husoma kwenye simu habari za watu wa ng'ambo wanaoinua jeep zao na kuzitengenezea resori nyumbani ili wakacheze kwenye matope. Wakacheze! Waje Kabasha, mteremko wa barabara ya Beni, msimu wa mvua, tutawachezesha mpaka waombe kwenda kwao.

Lakini niliwasoma. Nilichukua nilichokielewa na kuacha mbwembwe zao.

Kwa asiyejua: resori ya jeep ya zamani ni mabapa ya chuma yaliyopindwa kidogo na kupangwa moja juu ya jingine chini ya gari. Kila bapa mafundi wetu huliita lame. Za Papa zilikuwa zimelala, zimenyooka kama rula, na mbili zilikuwa na ufa. Gari lenye lame za namna hiyo likiingia shimoni, shimo lote linaingia mgongoni mwa abiria. Nilihitaji lame nyingine. Na uani kwetu zilikuwepo, za upana ule ule, chini ya kuku.

Nilizunguka jambo hilo kwa muda. Shangazi Zubeda, dada yake Papa, ambaye ndiye mwenye jiko letu, aliponiona nimechuchumaa kando ya lori alielewa mara moja. Akaniambia chuma cha marehemu hakichezewi. Nikaenda kwa Papa. Sikuzunguka maneno, nilimwambia nataka lame za Idi.

Alitazama lori kwa muda mrefu. Mvua ilianza, kuku wakakimbilia ndani, naye bado anatazama.

"Chukua," akasema.

Niliyemwita kunisaidia ni Masika, jirani yangu, Mkatoliki anayelima viazi Masereka na kuviuza Butembo. Masika ana mikono ambayo baadhi ya wanaume wa mtaa wetu wangeiazima. Tulivunja kutu, tukatoa lame, tukazikata urefu kwa mashine ya kukatia chuma, pole pole, tukizimwagia maji. Lame kuu ya jeep, ile yenye jicho la kufungia, niliiacha ya zamani. Tulibadilisha zilizo chini yake.

Papa akanipa uzi wake. Huu ni uzi wa kushonea magunia wenye fundo moja, ambao madereva wa umri wake walikuwa nao mfukoni. Unaushika kwenye bodi juu ya gurudumu, unauacha uning'inie, unafunga fundo mahali kitovu cha gurudumu kilipo. Kisha unapakia gari, unalitembeza, unapakua, unapima tena. Fundo likirudi mahali pake, resori ni nzima.

Tulipakia mawe. Tukaizungusha jeep mtaani, watoto wakipiga kelele nyuma yetu. Tukapakua mawe. Papa akaletwa na kiti chake, akashika uzi mwenyewe.

Fundo lilikuwa limepita kitovu. Gari lilikuwa limelala na halikuamka.

"Lame muzuri ni ile ukikandamiza inarudiaka," akasema. "Hii hapana inarudia. Moto ilikula nguvu yake."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wetu, na nasema wetu kwa sababu nusu ya Butembo wameufanya. Barabara zetu zimejaa magari yaliyoungua, na kila mmoja wetu akipita hutazama chini yake na kusema, ah, vyuma vile vizuri bado vipo. Vipo kwa macho tu. Chuma cha resori kilichopashwa na moto na kupoa chenyewe polepole kinakuwa chuma cha kawaida. Ukikipinda kinabaki kimepinda.

Nililia. Niseme wazi, nililia uani mbele ya watu, na si kwa ajili ya resori. Niliona kana kwamba walimwua Idi mara ya pili, na safari hii hata vyuma vyake. Shangazi Zubeda hakuniambia "nilikuambia", lakini alipita karibu yangu akikohoa kwa namna yake.

Kisha nikakasirika. Mimi nikikasirika napata akili.

"Kama moto ndio ulioichukua nguvu," nikamwuliza Papa, "moto hauwezi kuirudisha?"

"Sijuwi," akasema. "Miye nilikuwa dereva, hapana muhunzi. Jaribu."

Jiko letu la nyuma ni banda la mabati lenye shimo refu sakafuni, la kuwekea sufuria za sherehe. Urefu wa shimo ulikuwa sawa na lame, kana kwamba aliyelichimba alinijua. Nilijaza makaa. Shangazi akaja mbio, kanga moja begani, nyingine mkononi.

"Mwamini! Ile makala ni ya pilao!"

Ni kweli, yalikuwa ya kuwapikia ndugu watakaokusanyika kwetu kabla ya safari. Nikamwambia kama Papa hasafiri, pilao litakuwa la matanga ya mgongo wake. Akasonya. Halafu akaketi mlangoni na hakuondoka, nadhani ili ahesabu ninavyomharibia. Mwishowe ndiye aliyezungusha feni ya kupulizia moto, akilalamika muda wote.

Nilifunga mlango nusu ili giza lionyeshe rangi ya chuma. Tulikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, imefungwa kwenye waya. Chuma kikiwa hakijaiva, sumaku inanata. Kikiiva, sumaku inaanguka kama haijawahi kukijua. Sumaku ikianguka urefu wote, Masika anashika koleo upande wake, mimi upande wangu, tunaipinda kidogo tena, kisha tunaizamisha lame kwenye bati refu la oili chafu ya injini. Moshi ule! Jirani mmoja aliuliza kama waasi wamefika.

Lame ikitoka hapo ni ngumu lakini inavunjika kama sahani. Moja ilivunjika kweli, na ndiyo iliyotufundisha. Lazima uirudishe juu ya moto mdogo ikiwa bado na oili mwilini, mpaka oili ishike moto yenyewe na kuungua hadi iishe. Unapaka tena, inaungua tena. Kisha unaiacha ipumzike. Tulifanya hivyo lame baada ya lame, mvua ikipiga mabati, na Masika akiimba nyimbo za kanisani kwake na shangazi akimsahihisha sauti.

Katikati ya lame niliweka vipande vya plastiki nilivyokata kwenye bidoni, dumu la njano, ili zitelezeane badala ya kung'ang'aniana. Mipira ya kwenye macho ya resori ilikuwa imeoza, na mingine haikupatikana, basi nikachonga mbao ngumu ya msitu wa Beni na kuichemsha kwenye mafuta ya mawese mpaka ikaacha kutoa povu. Nyumba nzima ilinukia kama tunakaanga ndizi. Watu wa ng'ambo wangecheka. Wacheke, wana maduka.

Tukapakia mawe tena, tukazunguka, tukapakua. Papa akashika uzi. Fundo lilikuwa karibu na kitovu. Karibu tu, halijakaa juu yake.

"Tutaona barabarani," akasema. Sikupenda jibu hilo.

Jana asubuhi tulitoka. Siku hizi magari yanakwenda Beni kwa msafara, askari mbele na nyuma, na gari likiharibika msafara hausubiri. Papa alivaa kanzu yake nyeupe na kofia, akakaa mbele, mto mgongoni. Nikawasha. Hatukufika hata mwisho wa mtaa. Jeep tupu juu ya resori mpya ilikuwa inarusha nyuma kama mbuzi aliyefungwa, na kila ikirusha niliona uso wa Papa ukikunjamana. Hakulia. Alishika mpini wa mlango na kutazama mbele, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angepiga kelele.

Nikasimamisha gari. Baba mdogo Hamadi, aliyekuwa amesimama barabarani na mkoba wake akisubiri gari la rafiki yake, akaja dirishani. Hakufurahi, nimtendee haki. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilinichoma.

"Mukubwa, shuka tu. Nitakusemea vizuri."

Ni Masika aliyetuokoa. Alikuwa amekuja kuaga, akatazama jeep, akaweka mikono kiunoni.

"Yaya, dada yangu, gari yenye njala njo inarukaka. Tuishibishe!"

Wanaume waliokuwa hapo wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mtu anayebeba mizigo katika mji huu anajua ni kweli. Nilikuwa nimehesabu vyuma na moto na sumaku, na nikasahau jambo ambalo hata mpakia mizigo analijua: resori za kwetu hazikutengenezwa kubeba mtu mmoja na mto. Masika akafungua ghala lake. Magunia ya viazi vya Masereka, vyekundu, bado na udongo. Zawadi ya harusi, akasema, na asije mtu kuniambia habari ya kulipa. Tulipakia mpaka jeep ikakaa chini kwa heshima.

"Bado kidogo," Papa akasema, akiwa amefumba macho, akisikiliza kwa mgongo wake. "Upande wa kushoto."

Msafara ulikuwa unaanza kupiga honi. Nikamtazama baba mdogo Hamadi, na tumbo lake lililobarikiwa, na mkoba wake.

"Baba mudogo," nikamwambia kwa adabu zote, "panda nyuma. Kushoto."

Alipanda. Mungu amzidishie. Alikaa juu ya viazi na kofia yake ya darizi, na jeep ikatulia.

Kabasha tuliishuka pole pole. Mashimo yalikuwa mashimo yale yale, matope yale yale, lakini nilihisi lame zikijikunja na kujikunjua chini yangu, zikipumua. Mahali fulani kwenye kona, pale ambapo hakuna alama yoyote wala jiwe, Papa alitoa mkono nje ya dirisha akauacha hapo hewani kwa muda, kiganja chini. Nilijua ni pale lori la Idi lilipochomwa. Nikapunguza mwendo zaidi, na gari la nyuma likapiga honi, nikaliacha lipige.

Kwenye kizuizi askari mmoja aliinama akachungulia chini ya gari. Akaona mbao, plastiki ya njano, chuma cheusi cha oili. Akapiga mluzi.

"Nani asali oyo?" akauliza. Nani ametengeneza hii?

Kilingala changu ni cha redio, lakini neno hilo ninalo.

"Ngai," nikamwambia. Mimi.

Akamtazama Papa, akamtazama baba mdogo juu ya viazi, akafungua njia.

Tulifika. Papa alishuka mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo na nairudia, kwa ajili ya wale wa kikao: alishuka mwenyewe, mguu mmoja, kisha mwingine, akanyoosha kanzu. Mbele ya shehe aliushika mkono wa bwana harusi akatamka maneno yote ya kumwoza mtoto wa Idi. Nilisikia kutoka upande wa wanawake. Baba mdogo Hamadi alikuwa shahidi, na alilia kuliko wote, na vumbi la viazi lilikuwa bado kwenye kanzu yake.

Baada ya hapo wazee walimwita Papa kwenye mkeka, kwenye sahani. Hakwenda. Nilimwona akipita nyuma ya nyumba polepole mpaka ilipo jeep. Viazi vilikuwa vimekwisha kushushwa, vinamenywa. Nikamfuata kwa mbali, nikidhani amechoka na anataka kiti.

Alitoa uzi mfukoni. Akaushika juu ya gurudumu, akauacha uning'inie mpaka uache kucheza. Kisha akainama. Mgongo ule ule. Akainama mpaka jicho likawa sawa na fundo, akaweka kiganja chake juu ya lame za Idi, zilizokuwa bado na joto la barabara.

Fundo lilikuwa juu ya kitovu hasa.

"Imerudi," akasema.

Hakusema nami. Sikwenda karibu. Nilisubiri mpaka alipoinuka, nikampa bega, tukaenda kula viazi.

Leo asubuhi baba mdogo ameniuliza, akitazama pembeni, kama nafasi yake ya nyuma bado ipo. Nimemwambia ipo, ila kurudi tunapanda Kabasha na gari halina viazi, kwa hiyo ale vizuri. Kikao kikitaka kuchinja jeep, wakamwulize mwenye uzi kwanza.

Kesho ni kupanda. Papa mbele, usukani wangu.